Kamba Tupu Uani

Kila wafadhili walipotangaza ujio wao, jambo la kwanza kufanywa katika makao ya watoto lilikuwa kuanua shuka.

Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha mtindo huo. Mkurugenzi aliukuta, akaupenda. Watoto wengi walifika pale na hofu zao, na usiku hofu hizo zilitokea kitandani. Mama Mkubwa, mlezi wao, alifua shuka kwa mikono kila siku ya Mungu. Lakini mgeni akikaribia, shuka ziliondolewa kambani mbichi vilevile na kusukumiwa stoo ya nyuma, na usiku wake wadogo walilalia mpira mtupu wa godoro.

"Wafadhili wanakuja kuona matumaini," Mkurugenzi alikuwa akisema. "Hawaji kunusa mikojo."

Basi kampuni zilikuja zikaona nyumba safi isiyopungukiwa kitu ila rangi. Benki ililipaka bwalo kijani. Kampuni ya simu ikalipaka jekundu. Watu wa bima wakaja na bluu yao, wakapaka kwa moyo mmoja hadi madirisha yakagoma kufunga kwa unene wa rangi.

Aliyeandika barua za kuzitafuta kampuni hizo alikuwa msichana mpole aliyetoka chuoni juzijuzi. Watoto walimwita Dada Kimya. Kwenye karatasi maneno yalimtii. Mbele za watu yalimkimbia.

Asubuhi hiyo walikuwa wanatarajia kampuni kubwa ya udobi, ile inayofua shuka za mahoteli. Wangetembezwa, wangepewa chai, kisha ungesainiwa ushirikiano wa mwaka mzima. Kimya alimkuta Mama Mkubwa uani, amekalia ndoo aliyoipindua, anajipaka mafuta mikononi. Sabuni ilikuwa imemchana vidole.

"Mama, hujaanua?"

"Nitaanua. Kaa kwanza." Hakumtazama. "Mwisho wa mwezi naondoka, mwanangu. Dada yangu kaniita nikakae kwake. Mikono imekataa. Jana mtoto kaniletea shati nimfunge kifungo, nimeshindwa. Kifungo."

Kimya aliona kama ardhi imemponyoka. "Mkurugenzi anajua?"

"Nimwambie ili iweje? Atanishukuru, aninunulie saa ya ukutani."

"Na yule mdogo asiyelala mpaka akushike sikio?"

Mama Mkubwa alifunga kopo la mafuta polepole. "Usinilize, nina kazi," akasema, akainuka. Wakaanua pamoja, shuka zikiwachuruzikia miguuni.

Meneja wa udobi alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu vya mtu anayesimama kutwa. Mkurugenzi alimzungusha kote akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Walipofika uani, mgeni alisimama chini ya kamba, akatazama juu.

"Watoto wote hawa, na jua lote hili. Kamba zenu mbona tupu?"

"Tulifua jana," Mkurugenzi akasema upesi. "Twende bwaloni, mama, ukaone ukuta. Unalilia rangi."

Ofisini, Meneja alishika kalamu. "Haya, rangi basi. Jumamosi nitaleta vijana. Ipi bado haijapakwa? Njano?"

"Njano itapendeza sana," alisema Mkurugenzi.

Wakati huo Mama Mkubwa aliingia na sinia la chai. Vidole vilimsaliti, vikombe vikaanza kuteleza, na Kimya akaruka kulidaka. Alibaki amesimama na sinia mkononi. Akajua kwamba kalamu ile ikishuka, maneno yake hayatakuwa na kazi tena.

"Hatuhitaji rangi," akasema.

Meneja aliinua kichwa. "Unasemaje, binti? Sikukusikia."

"Hatuhitaji rangi. Watoto wetu wanakojoa kitandani."

Mkurugenzi alipaliwa na mate. "Anatania huyu."

"Sitanii, Mkurugenzi. Shuka tumezificha stoo, zimelowa. Mama huyu anazifua zote peke yake, na mikono yake imekwisha. Mwisho wa mwezi anatuacha."

Mkurugenzi aligeuka. Uso wake wa wageni ulikuwa umemtoka. "Unatuacha?" akauliza kwa sauti ndogo, na Mama Mkubwa akatazama sakafu.

Meneja aliweka kalamu chini. "Nipelekeni stoo."

Harufu iliwapokea mlangoni. Kimya alitamani kujikunja ndani ya rundo lile asionekane tena. Meneja aliinama, akapapasa ncha ya shuka kama mama anayepapasa paji la mtoto, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Na mimi nilikuwa naenda kununua brashi," akasema. "Wale vijana wangu hakuna hata mmoja anayejua kupaka. Mara ya mwisho walipaka hadi vioo. Kwa nini hamkusema?"

"Tuliona aibu," Mkurugenzi akajibu.

"Aibu, kwa dobi?" Alijifuta macho. "Baba, shuka za hotelini ungezijua, usingelala hotelini maisha yako. Hiki ni kikojo cha watoto tu. Lori langu linapita barabara hiyo kila asubuhi. Litachukua chafu, litashusha kavu. Huo ndio ushirikiano. Andikeni hivyo nisaini."

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya rundo bila kujali suruali.

Mama Mkubwa alikunja mikono kifuani. "Na mimi sasa nitafanya nini kutwa?" akauliza kwa ukali, kama aliyenyang'anywa kitu.

"Utafunga vifungo," Kimya alimwambia.

"Vidole vikipona."

"Vitapona. Na dada yako?"

"Huyo atanisema." Mama Mkubwa alifikiri kidogo. "Ananisema hata nikienda."

Kimya alicheka.

Mgeni alipokwisha kusaini na kuondoka, walizitoa shuka zote stoo. Mkurugenzi alitupia tai yake begani na kushika vibanio.

"Hiyo umeianika kama bendera ya msiba," Mama Mkubwa alimwambia. "Ivute juu."

Akaivuta. Upepo ukaijaza, na watoto wakaja mbio kupita chini yake.