Mfarishi wa Ramkali

"Nishonee mfarishi," Ramkali alisema, akalitua furushi juu ya mkeka bila kubisha hodi. "Uwe mzito. Wajifunike watu wawili na miguu isitokeze."

Shakila hakuinua macho. Alikuwa ameketi juani darini, mguu mmoja ameukunja, anapiga bandi mfarishi wa mteja. Sindano yake ndefu iliendelea kuzama na kuibuka kwenye pamba kana kwamba hakuna aliyeingia. Siku nne hawakuwa wamesemezana. Kwa madari mawili yanayotengwa na ukuta wa matofali unaofika kiunoni, siku nne ni nyingi.

"Huko Surat unakokwenda, watu hulala bila shuka mwezi wa Januari," akasema hatimaye. "Mfarishi wa nini? Wa kumfunika mbuzi?"

"Wa kumfunika wifi yako. Utashona, au niipeleke pamba kwenye mashine?"

Hilo la mashine alilisema makusudi. Mashine ya kuchambua pamba ilikuwa imefika sokoni Chandpur miaka kadhaa iliyopita, nayo iliirarua pamba kuukuu hadi ikawa vumbi. Bundu, mume wa Shakila, bado alichambua kwa upinde wake mrefu, akiugonga uzi kwa nyundo ya mti, na mlio wake mnene ulisikika mtaa mzima kila baridi ilipokaribia. Alikuwa pembeni pale pale, nyusi zimejaa nyuzi nyeupe.

"Lete pamba yako, dada," akasema. "Huyu mwache na hasira zake. Zitapoa kabla ya chai."

Ramkali na Bundu hawakuzaliwa tumbo moja. Mwaka alipoolewa mtaani hapo, sikukuu ya akina dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi ilimkuta akilia jikoni, maana kwao walizaliwa wasichana watupu. Bundu alikuwa anapita na upinde begani. Alisikia kilio, akauliza, kisha akapenyeza mkono dirishani. "Nifunge mimi," alisema, "lakini sina zawadi ila pamba." Tangu hapo, miaka thelathini na minane, mkono wake haukukosa uzi, na Shakila akajikuta na wifi ambaye hakumtafuta.

Alasiri ile Bundu alichambua. Pamba ya Ramkali ilikuwa imeshikana kama ugali uliolala, lakini kila upinde ulipolia ilifunguka, ikapanda, mpaka ikawa kilima cheupe kinachotetemeka. Wanawake wawili walifungua furushi la sari kuukuu za kushonea kitambaa cha nje cha mfarishi. Shakila alivuta ya kijani.

"Hii nilikuazima ukaenda nayo harusini Moradabad," Ramkali akasema. "Ukanirudishia na doa la manjano."

"Doa lilikuwepo."

"Halikuwepo."

"Lilikuwepo, Mama Mahesh. Nilikwenda harusini na doa lako, na watu wakanicheka mimi."

Bundu alicheka peke yake, akakohoa pamba. Ubishi huo aliujua tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Asubuhi ya pili wakaanza kushona. Walishona kama walivyoshona mifarishi yote ya mtaa: kila mmoja anaanzia pembe yake, wanasogea wakitazamana, mpaka magoti yagusane katikati. Ramkali alikuwa na mtoto wa jicho, mishono yake ilikwenda kama njia ya kondoo. Miaka miwili sasa Shakila alikuwa akiifumua kimya kimya baada ya mwenzake kurudi kwake, na kuishona upya.

"Unakumbuka ule mkubwa?" Ramkali aliuliza. "Wa mwaka wa mafuriko?"

Nani angeusahau? Chumba kimoja tu kilikuwa kikavu katika nyumba zote mbili. Watoto watano walilala chini ya mfarishi mmoja, Mahesh wa Ramkali na wanne wa Shakila. Kila jioni walipigana ni nani atalala ukingoni, hadi Ramkali akawapangia zamu kwa kutumia mbegu za ukwaju. Siku moja hesabu iliharibika, Mahesh akalala ukingoni mara mbili mfululizo. Akakataa kula, akasema hii si haki, ataondoka aende zake mjini.

"Na kweli akaenda," Shakila akasema.

Wakacheka. Halafu kicheko kikaisha, zikabaki sindano.

"Nilisikia kwa muuza maziwa," Shakila akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ananipimia maziwa, ananiambia, 'Jirani yako anahamia Surat kwa mwanawe, kwa hiyo anaacha maziwa.' Muuza maziwa, wifi. Mimi niliyemshika Mahesh alipozaliwa, kabla hata wewe hujamshika."

Ramkali alichoma sindano, akaikosa njia, akaichomoa.

"Macho yangu yanakufa," akasema. "Wiki mbili zilizopita nilimwaga mafuta ya moto, yakapita mguuni hapa. Mahesh akajua. Akasema, mama, ama uje ama mimi niache kazi nirudi. Ana watoto wawili shuleni. Nimwambie nini?"

"Ungeniambia mimi."

"Ningekwambia wewe kwanza, nisingeondoka."

Shakila alichukua sindano ya mwenzake, akaitunga uzi, akairudisha mkononi mwake, na akamenya pera wakala pamoja na chumvi nyeusi.

Waliahidiana kumaliza Jumapili. Mahesh alifika Ijumaa.

Alikuwa mtu mzima sasa, mfanyakazi wa kiwanda, kitambi kimeanza, nywele zimerudi nyuma. Aligusa miguu ya Shakila kwa heshima, akamwita mama mdogo, akaomba radhi kwa haraka yake. Tiketi za Jumapili alizikosa. Treni ni leo saa kumi. Alipouona mfarishi umetandazwa darini, upande mmoja umeshonwa, mwingine umeachama, alijikuna shingo.

"Mama, huu tutaubebaje? Na kule hakuna baridi."

Shakila alijiandaa kumjibu. Alikuwa na maneno ya kumtosha, mengine ya tangu mafuriko. Lakini Ramkali alimtangulia.

"Nani amekwambia mfarishi unakuja nasi?" akasema. "Huu ni wa hapa. Shakila ataumaliza, atauweka kwenye sanduku langu ninaloliacha kwake. Mtu akija kutembea kwao wakati wa baridi, ajifunike nini? Gazeti?"

Mahesh alimtazama mama yake, kisha Shakila, kisha akashuka ngazi kwenda kufunga mizigo. Darini walibaki wawili. Hawakukumbatiana, hawakuwahi kuwa watu wa kukumbatiana. Ramkali aliichomeka sindano yake kwenye kitambaa mahali alipofikia, akaibonyeza kwa kidole gumba ili isipotee.

"Doa halikuwepo," akasema.

"Nenda, utachelewa."

Bundu ndiye aliyebeba sanduku la bati la safari hadi kwenye riksho mwisho wa uchochoro. Aliporudi, hakuupiga upinde siku ile.

Shakila aliumalizia mfarishi peke yake, siku tatu. Alianzia kwenye pembe yake na kusogea. Alipofika kwenye mishono ya Ramkali alisita, mkasi mkononi, kwa mazoea. Kisha akaweka mkasi chini na kupita kando ya mishono hiyo, mmoja baada ya mwingine, akifuata mikunjo ile ile, kushoto inapokwenda kushoto.

Ukungu ulianza katikati ya Desemba. Adhuhuri moja jua lilipotoka, simu ya Shakila ililia darini.

"Umeuanika?" Ramkali aliuliza, bila salamu.

"Nimeuanika. Unakula?"

"Nakula. Mkwe wangu anapika vizuri, anatia sukari kwenye dengu, lakini nakula. Nakaa roshani ghorofa ya nne. Chini kuna magari tu. Hakuna mtu anayeita mtu." Kisha ghafla: "Shakila. Huyo ni nani?"

Huko chini, kwenye uchochoro, muuza karanga za kukaanga alikuwa anapita na toroli lake, akinadi kwa ile sauti ya puani, anavuta neno la mwisho mpaka pumzi iishe.

"Karanga."

"Nyamaza kidogo nisikie."

Shakila alikwenda ukingoni mwa dari, akanyoosha mkono ulioshika simu nje ya ukuta kadiri ulivyofika. Sauti ilipita chini yake, ikafika kona, ikaanza kufifia.

"We kijana," akaita. "Rudi."

Muuzaji aligeuka, akarudisha toroli. "Nikupimie ngapi, mama?"

"Utanipimia. Kwanza nadi tena, kama ulivyokuwa unanadi. Tokea pale mwanzo."

Yule mtu alimtazama mama aliyesimama juu na mkono umenyooshwa hewani, akapandisha mabega, akasukuma toroli lake mpaka mwanzo wa uchochoro, akavuta pumzi.