Maelekezo ya Kuahirisha Tu

Hillary, wakili mwenzangu, alinipigia simu nikiwa namfunga mwanangu mgongoni, nimpeleke kwa jirani.

"Msomi, nishikie brifu leo. Nimebanwa Mahakama Kuu. Kesi ya yule mama wa Mchikichini anayedaiwa kununua robota la mitumba la wizi. Omba ahirisho tu, basi."

"Na dhamana yake?"

"Nitaishughulikia mwenyewe nikipata nafasi. Wewe ahirisha."

Ndivyo mawakili tunavyosaidiana. Leo unamsimamia mwenzako, kesho naye anakusimamia, na ukisimama unasema alichokutuma, huongezi. Mimi nimesoma sheria jioni jioni, mimba ikiwa tumboni, na uwakili wangu bado mchanga. Watu kama Hillary ndio wanaonipa kazi. Nikasema sawa.

Nje ya mahakama nilimkuta Eliakimu, mwenye duka la nguo za jumla mtaa wa Msimbazi, ambaye wote tunamwita Mangi. Alikuja kumdhamini mshtakiwa, Maimuna, mteja wake wa siku nyingi.

"Mangi, leo tunaahirisha. Rudi tu dukani."

"Bora umeniambia, dada. Nina mzigo unashushwa." Akaondoka mbio.

Mdhamini wa pili, Sitara, dada yake Maimuna, hakuondoka. Alikuwa amembeba mtoto wa Maimuna, kichanga bado, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Chupa anaitema," aliniambia. "Mama yake nimemuona akishuka kwenye karandinga la mahabusu. Kifua chote kimelowa."

Nikaenda kwa karani kuuliza tarehe ijayo.

"Mheshimiwa hakimu anaanza likizo Jumatatu," alisema. "Hesabu mwezi ujao."

Niliingia ndani, nikaketi karibu na wakili wa serikali, mzee Abdulhamid.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?" Nikamweleza. Akainama kwangu. "Mheshimiwa akikuuliza kama una maelekezo ya kuendelea na ombi la dhamana, sema unayo. Mimi dhamana sipingi. Hillary atanuna, kisha atapoa."

Kesi ikaitwa. Maimuna akapanda kizimbani, mikono ameikunja kifuani.

"Wakili," Mheshimiwa Blandina alisema bila kuinua kichwa, "unamshikia mwenzako. Una maelekezo ya kuendelea?"

Ile ‘ndiyo’ ilishafika kwenye ulimi. Ningeitamka, na pale ndani hakuna ambaye angenisuta.

"Sina, Mheshimiwa. Nimetumwa kuomba ahirisho."

Maimuna alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

"Lakini," nikasema, "kosa hili lina dhamana, na mshtakiwa ana mtoto anayenyonya, yuko hapo nje. Naomba mahakama imuulize mwenyewe kama yuko tayari kungoja."

Kalamu ya Mheshimiwa ikasimama. "Mshtakiwa?"

"Siko tayari, Mheshimiwa. Naomba dhamana."

"Jamhuri?"

"Hatuna pingamizi," Abdulhamid alisema.

"Wadhamini wawili. Wako wapi?"

Sitara akasimama mlangoni, mtoto wa Maimuna mikononi. Wa pili hakuwepo, na aliyemrudisha ni mimi.

"Mheshimiwa, mwingine nilimruhusu asubuhi nikidhani tunaahirisha. Yuko Msimbazi. Naomba muda."

"Na likizo yangu nayo ikungoje?"

Abdulhamid akainuka. "Mheshimiwa, faili linalofuata lina mashahidi wawili. Tukianza nao, huenda akafika."

"Wakiisha hajafika, naahirisha."

Nilitoka nje nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena.

"Dada, niko na makuli hapa, mlango wazi."

"Ufunge, Mangi. Nilikosea kukurudisha. Usipokuja sasa hivi, Maimuna anarudi mahabusu mpaka mwezi ujao."

Nikasikia watu wakitukanana nyuma yake. Kisha, "Nakuja. Ila bodaboda unalipa wewe."

Shahidi wa kwanza hakuwa na maneno mengi. Wa pili alikuwa anajibu ndiyo na hapana, na mimi niliyezoea kuomba mashahidi wasirefushe, nikawa naomba huyu apate maneno mengi. Abdulhamid aliuliza, akauliza.

"Hilo umeshauliza, msomi," Mheshimiwa akamkata.

"Basi sina zaidi." Akaketi. Hakunitazama.

Mheshimiwa alikuwa anafungua kalenda mlango uliposukumwa. Eliakimu, shati nusu nje, kapakaa vumbi la marobota.

"Unamjua unayemdhamini?" aliulizwa.

"Namjua, Mheshimiwa. Akitoroka, mnitafute mimi."

Akasaini. Sitara akasaini. Nilipotoka tu nje, simu ikaita.

"Nani kakwambia uendelee?" Hillary alisema.

"Sikuendelea, kaka. Nilisema ulichonituma, halafu nikasema nilichokiona."

"Brifu yangu hushiki tena."

"Sawa."

Nilisimama pale nikiwaza kodi ya nyumba na nani mwingine atanipa kazi. Kwenye benchi la ukutani Maimuna alikuwa ameketi, ametupa mgongo sisi sote, ananyonyesha, kichwa cha mtoto kakifunika kwa khanga. Nikasogea, nikasimama mbele yao ili wapita njia wasichungulie.