Rangi Mbili za Kuazimana

Kageha alifika hospitali na magamba ya ngege yamemkauka mikononi. Samaki wa watu aliwaacha ufuoni Dunga, nusu wameparwa, nusu bado. Binti yake Valarie alikuwa wodini. Mwiba wa samaki ulimchoma kwa wayo, na sasa mguu umevimba mpaka gotini, unang'aa kama tyubu ya baiskeli.

Sydney wa maabara akamwita kando. "Mama Valarie, majibu ya usaha yametoka. Alikuwa anameza nini?"

"Rangi mbili, zile kapsuli nyekundu na nyeusi. Si mlinipa hapa hapa?"

"Hizo hazifanyi kazi tena. Hivi vijidudu vinatengeneza kitu kinaitwa kimeng'enya. Chukulia ni makasi. Dawa ikifika tu, inakatwakatwa."

"Na hayo makasi yametoka wapi?"

"Mnameza nusu nusu. Vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye makasi vinabaki, vinazaana. Halafu mnaazimana dawa kama chumvi."

Ni kweli. Selpha, jirani yake kule Migosi, alimpa rangi mbili zilizobaki baada ya kikohozi cha mtoto wake kupoa, naye akashukuru. Lakini kabla ya Selpha kulikuwa na dirisha la dawa la hospitali hii.

"Nusu nani alinipa?" Sauti ilimpanda. "Niliambiwa hapa, anza na hizi, zingine nunua nje. Ninunue nje na nini, Sydney? Na magamba?"

Sydney aliangalia viatu vyake. "Sindano inayoweza kuviua hatuna. Tumeomba huko juu. Isipokuja haraka, daktari anasema mguu utakatwa."

"Mmeomba! Basi uende wewe uuambie huo mguu usubiri."

Akashuka mpaka dirisha la dawa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anasukumiwa kijibahasha: rangi mbili chache, nyekundu na nyeusi.

"Anza na hizi," mhudumu alisema bila kuinua macho. "Zingine utanunua nje."

Kageha akaweka kiganja juu ya kijibahasha.

"Mpe zote."

"Mama, toka kwa laini."

"Mpe zote, ama umwambie wazi hakuna dawa. Usimfugie mtoto wake wadudu!"

"Wee mama, na sisi tuna wagonjwa!" watu walifoka nyuma. Askari wa mlangoni akamshika kiwiko.

Yule mwenye mtoto akamkazia Kageha macho ya chuki. Akakichomoa kijibahasha chini ya kiganja chake, akaondoka mbio, magamba yakiwa yamenata kwenye karatasi yake.

"Anayefuata," mhudumu aliita.