Begi la Kilo Saba

…na saba ni saba, anasema mwanangu kwenye simu, wakikuta saba na nusu wanakunyang'anya wanalitia chini kwenye mizigo mikubwa, na mimi nimekaa hapa barazani nalitazama begi langu linaning'inia kwenye mizani ya marehemu Athumani kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa, mizani ile ile aliyowapimia watu wa mlimani tangawizi yao, haikusema uongo hata siku moja isipokuwa siku alizoiomba, na upepo huu wa Same hauna adabu, unalipiga begi, linazunguka kushoto, linasita, linarudi kulia, mshale nao hautulii, saba, nane, saba na kitu, na Sumaiya amesimama chini yake shingo kaikunja, mwanangu wa kike, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, anausoma huo mshale kama hakimu, halafu anageuka, "Imezidi nusu, mama. Tutoe nini?" … tutoe nini, kwani niliweka mimi, mimi niliambiwa kaa mama, pumzika mama, nikakaa, nikapumzika, begi likajaa lenyewe, na simu imeegemezwa kwenye kinu, imewekwa sauti ya nje, ndani yake yumo kaka yake, Habibu, yuko Kanada, kwao ndiyo kwanza asubuhi, nasikia kijiko kinagonga kikombe, "Mmepima na magurudumu?" anauliza, "wanahesabu na magurudumu na kile kishikio, msije mkaniaibisha pale uwanjani KIA," akuaibishe nani na wewe uko huko unakoroga chai, "Nimepima, kaka," anasema Sumaiya, "hamsini na tano kwenda juu, thelathini na nane upana, ishirini unene," na kweli amepima, kwa futi ya fundi cherehani, leo asubuhi kapiga magoti kwenye mkeka analizungushia begi ile futi, nikamwambia, begi linapimwa hivyo, na maiti je, akacheka, lakini hakucheka, alitoa sauti ya kucheka, maana huyu mtoto akicheka kweli hushika ukuta, na leo hakushika ukuta, hapo nikanusa kitu nikakiacha, kama nilivyokiacha cha jana jioni, nimetoka msalani namsikia jikoni na simu, "Basi kaka, nimeshakuapia, simwambii," nikasema moyoni haya, mambo ya Rashidi anayemposa hayo, wanafichana mambo ya Rashidi kama mimi sina macho … "Mama upo?" Habibu huyo, "Nipo, nitakwenda wapi," "Shikamoo mama," ndiyo kwanza anakumbuka, "Marahaba," "Umeelewa lakini, wewe wa bizinesi unaruhusiwa mabegi mawili ya mkononi, kila moja kilo saba, Sumaiya wa ikonomi ni moja tu," nimeelewa, nina darasa la nne la mkoloni, si sawa na saba zenu za leo, nimeelewa tangu siku ya kwanza, kumbe ndege nayo ina watu na viatu, mbele kabisa firsti klasi, hao Habibu anasema hata yeye hawajui sura, halafu bizinesi, ndiko nilikokatiwa mimi, kiti kinanyooshwa kinakuwa kitanda, unapewa shuka, soksi, kitambaa cha moto cha kufutia uso kama uliyejifungua jana, halafu pazia, halafu nyuma huko ndiko Sumaiya, magoti kwenye kidevu mpaka Kanada, nikamuuliza na pazia la nini, akasema ndio utaratibu mama, wa nyuma hawavuki kuja mbele, hata choo kila watu na chao, nikamwambia pazia la msikitini nalijua, linatenga wanawake na wanaume, hili lako linatenga mama na mtoto, akasema, "Mama bwana, una maneno," ninayo, na mengine nimeyameza … kwa sababu hili la kitanda lilitakiwa linishtue siku ile ile, watu wanatusema sisi Wapare mikono yetu mikavu, basi Habibu alichukua ukavu wake na wa jirani, huyu ndiye aliyeniletea mtandio mmoja akasema ni wa Idi zote mbili, leo ananinunulia kitanda angani, na sikujiuliza anataka kunilaza wapi … begi linazunguka tena, na zipu ya juu haikufungwa, mdomo umeachama, na kwenye mdomo naona cheupe. Cheupe gani, mimi sina kanga nyeupe, taulo langu la bluu liko kwenye begi lile la kwanza lililokwisha kufungwa, lipo chumbani, linageuka, linaondoka, mgongo wa begi, gurudumu, upepo umelishika kwa upande ule, rudi wewe … linarudi, cheupe, kimekunjwa mkunjo wa siku nyingi, na pembeni pana uzi wa kijani umefungwa fundo, na fundo lile nalijua, alilifunga Athumani kwa mikono yake mwaka aliorudi hija, alirudi na kikohozi, na tende, na sanda mbili alizozisuuza kwa maji ya zamzam akazianika juani kule kule Maka, yangu akaifunga uzi wa kijani, akasema tusije tukagombania, nikamwambia ukishavaa yako utagombana na nani, akacheka, naye yake kaivaa, yuko kwetu mlimani, Kighare, kwenye shamba la migomba, na ubavuni pake pamebaki nafasi, nimepazungushia masale ya mpaka mwenyewe kwa jembe langu, yake na yangu pamoja, ili asije mtu akapanda mihogo … sanda yangu. Sanda yangu imo kwenye begi la kupandia ndege. Mtu anakwenda kutembea mwezi mmoja, kuona wajukuu, kuona theluji, anabeba kanga za kubadilisha, anabeba dawa ya mguu, anabeba tangawizi kidogo ya kumwonyesha mkwe kwamba huku tunalima, sanda anaibebea nini? … "Sumaiya, imefika ngapi?" huyo Habibu, "Bado saba na nusu, upepo huu," "Toeni hiyo tangawizi basi, huku madukani imejaa," imejaa, eti, iliyotoka wapi, na mimi naona sasa, kila kitu kinakuja kama mbuzi waliosikia debe la chumvi, kuku wangu wamepelekwa kwa Maua wa jirani, eti wataibiwa, wote, mpaka jogoo, mtu akienda mwezi mmoja anahamisha jogoo? na fundi aliyekuja kuchungulia chumba changu, eti ukuta una unyevu, unyevu wapi Same, hapa hata mate yanakauka kabla hayajafika chini, na tarehe, Sumaiya yake ya kurudi anaitaja vizuri, wiki mbili, yangu nikimuuliza anasema Habibu ndiye anayejua, na Habibu mwenyewe Ramadhani iliyopita, katikati ya mazungumzo ya futari, "Huku tuna makaburi yetu Waislamu, mama, yamepangwa safi, yana majani mazuri," nikadhani mtu anaisifia nchi yake mpya, wapo wanaosifia barabara, kumbe ananionyesha chumba … ardhi wanayoipasua kwa mashine kwa sababu ya barafu, anilaze huko, halafu Ijumaa aje na gari, asimame dakika moja, ardhi yote ni ya Mungu, atasema, ni ya Mungu, ndiyo, lakini Mungu hakupanda masale, nilipanda mimi. Na huyu je, huyu aliyesimama mbele yangu na gauni lake la maua, aliyeniosha miguu jana, amekubali lini, amekaa na hili tumboni siku ngapi, ananipikia uji, ananitazama ninavyokunywa, na anajua … Rashidi. Rashidi wa Mwanga, mwenye duka la mabati, aliyefiwa na mkewe, mtu wa meno mazuri na maneno machache, amekuja hapa akakaa kwenye kiti hicho hicho mara zisizopungua tatu, na kila mara Sumaiya anamwambia subiri, mama bado mguu, sasa amechoka kusubiri, wameona bibi kizee apakiwe, apewe kitanda na soksi avushwe bahari, harusi ipigwe, mimi sikumwambia Sumaiya akae, nani alimwambia akae? … wala sikumwambia aende. Mguu ukiuma usiku naita mara moja tu, anaamka, ananisugua kwa mafuta ya mnyonyo mpaka usingizi unanichukua, wa kwake sijui unamchukua saa ngapi, siulizi, asubuhi namkuta anafagia … "Mama, mbona kimya," Habibu, "umechoka? Sumaiya, mama amechoka, malizeni," na Sumaiya amenigeukia mimi, simu ameipa mgongo, "Tutoe nini, mama?" … Mara ya pili hii. Anauliza mara ya pili, na Sumaiya si mtu wa kuuliza, Sumaiya ni wa kutoa, asubuhi katoa sweta, katoa kiatu, katoa chupa ya maji yangu ya zamzam kwa sababu haikubaliwi mkononi, kazitoa zote bila kuniuliza hata moja, tena kwa ukali, na sasa kwa nusu kilo ananiuliza kama mtoto wa shule. Na ile zipu. Ngoja. Huyu mtu akikunja nguo utadhani anauza, hawezi kuacha zipu wazi na vumbi hili, vumbi la Same linaingia hata kwenye yai, na sanda haikuwa juu juu, ilikuwa chini kabisa ya sanduku langu la bati, chini ya kila kitu, ameichimbua kule, angetaka nisiione angeizamisha chini ya viatu, begi lingefungwa, ningekwenda nayo mpaka Kanada nimeibeba mwenyewe kwenye magurudumu kama mjinga, lakini ameiweka juu, uzi wa kijani nje, akaacha mdomo wazi, akalitundika begi usawa wa macho yangu, na mizani hii angeweza kuitundika jikoni kusiko na upepo, akaja kuitundika hapa, mbele ya kiti changu … Nimeshakuapia, kaka, simwambii. Hakusema. Ameapa na kiapo chake amekitunza, ulimi wake haujatoa neno, mkono ndio umesema. Kumbe nimezaa. Kumbe kile kichwa chote cha Athumani cha biashara na huu ujeuri wangu havikwenda Kanada, vilibaki hapa hapa vinanisugua mguu, na mimi miaka yote nimeitwa Mama Habibu, sokoni Mama Habibu, msibani Mama Habibu, hakuna mtu hata mmoja katika Same hii aliyewahi kuniita Mama Sumaiya, na wala sikumsahihisha mtu … haya sasa, mama yake, toa jibu, mtoto ameuliza. Nikisema siendi, nimekaa, na yeye amekaa, Rashidi atapata mwingine mwenye mama aliyekufa zamani, tutabaki hapa na mafuta ya mnyonyo tunazeeka wote wawili, mimi nina sababu, yeye hana. Nikisema sawa, nimejipeleka kwenye majani mazuri. Lakini begi limezidi nusu kilo, na nusu kilo inayozidi naiona kwa macho yangu, nyeupe, ina uzi … itoke. Itoke, irudi ndani ya sanduku la bati, ufunguo abaki nao Maua pamoja na jogoo wangu, na mimi nitakwenda, kwa nini nisiende, nitaona wajukuu, nitaona hiyo theluji inayosifiwa, nitamwambia Habibu machoni, si kwenye simu, kwamba anikatie tiketi ya kurudi siku moja na dada yake, kwa sababu mtu hazikwi bila nguo yake na nguo yangu nimeiacha nyumbani, na Rashidi atupokee sisi wawili pale KIA na kile kipikapu chake cha mabati, akija na gari chafu simpi, akija na safi nitamwambia mbele ya watu, mchukue, na chumba changu kisicho na unyevu kitabaki changu, msichana wa kunisugua mguu ataletwa kutoka mlimani kwetu, atalipwa, alipe Habibu, si ananunua vitanda … na hicho kitanda, hicho nacho. Sumaiya ameniambia haiwezekani kubadilishana, kila kiti kina jina la mtu, basi waje wanitoe, watanikuta nimekaa nyuma, nimefunga mkanda, mguu wangu nimeuegesha, bibi kizee anayelia kwa Kigweno cha kwetu mlimani hakuna mhudumu atakayemburuta, na Sumaiya atakuwa mbele ya lile pazia, amenyooshwa, amefunikwa shuka, soksi miguuni, usiku mzima na mchana wake hakuna mtu wa kumwita, "Mama, bado upo hewani?" Habibu anauliza, kijiko kimenyamaza, kwa mara ya kwanza leo kijiko kimenyamaza, na begi linazunguka, mgongo, gurudumu, linasita, linarudi, linanionyesha uzi wangu wa kijani, mshale unatetemeka pale pale kwenye saba na nusu, na Sumaiya hautazami mshale, hajautazama muda mrefu, ananitazama mimi, macho yamemjaa na hayamwagi, "Mama," anasema, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa, "tutoe nini?", na mimi nasafisha koo.