Mashine ya Pili ya Mwanahawa

Mwanahawa alikuwa amekwisha kuipanga mashine ya pili kichwani kabla hajamwambia mtu. Angeichukua fremu ya jirani, iliyokaa tupu tangu masika, atoboe mlango ukutani, huku yasagwe mahindi na kule uwele na mtama wa watu wanaoshuka na magunia kutoka Chemba. Wateja walikuwepo. Foleni yake pale Majengo ilifika barabarani, na waliochoka kusubiri walihamia kwa wengine.

Kilichomkwamisha ni hesabu. Kodi, malipo ya awali ya mashine, umeme, fundi: kila alivyozipanga zilimzidi. Mpaka siku moja akauondoa mshahara wa Elisha, mwendesha mashine wake, na kila kitu kikakaa mahali pake. Mashine zote mbili angeziendesha mwenyewe. Elisha alikuwa naye tangu Mwanahawa alipofika kutoka Kondoa, mjane mwenye mtoto mgongoni, na ndiye aliyemfundisha kusikia mashine inapolalamika kabla haijaharibika. Mwanahawa akajisemea kuwa biashara haina undugu, wala hakumwambia Elisha.

Wiki hiyohiyo, adhuhuri, umeme ukakatika. Mashine za mtaa mzima zikazimika kwa pamoja, ukaja ule ukimya unaomfanya mtu asikie nzi. Na ndani ya ukimya huo, nyuma ya ukuta, kulikuwa na mashine inasaga.

Mwanahawa akamtazama Elisha. Alikuwa ameweka kiganja ukutani.

"Ukuta unatetemeka," Elisha alisema.

"Labda kuna mtu kaleta jenereta."

"Huko hakuna mtu, mama."

Umeme ulirudi, mlio ule ukapotea katikati ya milio mingine. Jua lilipoanza kupinda, Bibi Ruthu, mteja wao wa siku zote, akapita na ndoo ya unga kichwani.

"Shikamoo, bibi. Leo umesaga wapi?"

Bibi akasimama, akamwangalia kama anayetaniwa vibaya. "Marahaba. Si kwako, mlango wa pili? Umenisagia mwenyewe. Nimekusemesha hukuitika. Nikasema labda mwanangu anaumwa, maana umekonda mpaka shingo."

Mwanahawa alitia vidole ndani ya ndoo. Unga wa uwele, laini, bado wa moto.

"Na mimi, bibi," Elisha aliuliza taratibu, "nilikuwa wapi?"

"Wewe sikukuona. Alikuwa peke yake. Huku anamimina, huku anakinga, haangalii mtu."

Elisha alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa, na Mwanahawa akajua ameelewa kuwa hayumo kwenye mpango wake.

Mwanahawa alikwenda kwa mzee Adamu, mwenye nyumba, akaomba afunguliwe fremu ile. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Mzee alihangaika nalo mpaka akatoka jasho. Ndani hamkuwa na kitu, ila utando wa buibui dirishani na joto kama la mashine iliyozimwa sasa hivi. Unga mwembamba ulielea kwenye mwali wa jua. Sakafuni, katika vumbi, nyayo za ndala zilikwenda na kurudi, zikaenda na kurudi, na hata mmoja haukuelekea mlangoni. Mwanahawa akaweka ndala yake kando ya unyayo mmoja. Ikalingana, hadi pale ilipolika kisiginoni.

"Utaichukua?" mzee Adamu aliuliza akiwa nje. Hakuwa ameingia. "Watu wananiambia umeshaanza kazi humu. Nikadhani umeingia bila kunilipa."

"Hapana, mzee," alisema, akatoka kinyumenyume.

Aliporudi alikaa juu ya gunia, akamwambia Elisha yote.

"Nilijua," Elisha alisema. "Wiki nzima hujanigombeza."

Mwanahawa alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Elisha alimwacha amalize, kisha wakaanza kupanga upya, wawili. Waliona kwamba kinachochelewesha ni mahindi na uwele kusubiriana. Wakaupa uwele asubuhi, mahindi mchana. Fedha ya fremu Mwanahawa aliitumia kununua chekeche nzuri na mifuko, wakafungasha unga wa mtama kwa watu wa maofisini wasio na muda wa foleni. Mashine ya pili ingesubiri.

Unga ulipata wanunuzi, si kwa kishindo, lakini kila wiki. Fremu ile bado haijapata mpangaji. Umeme ukikatika, Elisha huwahi kuwasha redio yake ya betri na kuipandisha sauti, na hakuna anayemuuliza sababu.

Baada ya mavuno Mwanahawa alipata chumba kingine cha mashine ya pili, mtaa wa pili, akakaa na Elisha kupiga hesabu.

"Tuanze na mshahara wa atakayeiendesha," alisema. "Ukitosha, ndipo tuzungumze na fundi."

Elisha alifikiri. "Yupo Jenifa, mtoto wa dada yangu, anauza samaki Mtera. Hapendi kukaa peke yake."

"Mwite," Mwanahawa akasema.