Trekta la Nati Tano

...na halirudi nyuma, bado halirudi, mguu wangu wa kulia umekanyaga breki mpaka goti linatetemeka lakini chuma chenyewe hakitetemeki, kimetulia kama kimeota mizizi, na nyuma yangu tela limejaa vyuma chakavu, rimu, bloku za injini zilizokufa, ile shafti ndefu waliyoibeba watu wawili wakiguna, kwa macho yangu mzigo ule unapita kuni mbichi za safari mbili za mkokoteni, na mbele yangu njia inapanda hadi kwenye geti la yadi, na mimi nipo katikati, si juu si chini, "Shemeji! Panda basi, malizia!" huyo ni mdogo wake mume wangu, mikono kiunoni, tumbo mbele, anapiga kelele kama vile nimepanda punda mkaidi, na muuzaji kando yake, kalamu sikioni, "Mama, usisimame hapo, hapo ni pabaya," ehee, na pabaya ndipo nilipopataka, mahali pazuri kila trekta linasimama, hata kiti cha plastiki kinasimama sebuleni, kuni zangu haziko sebuleni, ziko juu kwenye shamba la miti alilonirithisha marehemu mama, na wateja wako chini, shule na yule mwoka mikate, na kati ya juu na chini kuna mteremko, kila siku ni huo mteremko, asiyejua mteremko ule asinifundishe kununua trekta... wao walitaka nizunguke uwanjani mara moja, tambarare, bila mzigo, nishuke niseme asante, nikasema nifungieni tela, wakacheka, nikasema lijazeni, wakaacha kucheka, "Mama, kwani unakwenda vitani?" muuzaji akauliza, sikumjibu, maana ningemjibu ndiyo.

Lile trekta jekundu liko pale chini linang'aa, wamelipaka rangi juzi, harufu ya rangi bado inapanda puani, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na shemeji limemteka roho, lina taa mbili na kiti laini na hata mahali pa kuwekea kikombe, ameiingiza chupa yake ya maji pale mara tatu na kuitoa, akinitazama, kana kwamba nimekuja kununua kabati, watu humwita Injinia kwa sababu aliwahi kuuza vipuri miezi mitatu, na mume wangu akasema nenda naye, mwanamume akiwepo hawatakuibia, nikaenda naye, sawa, lakini mkono ni wangu, na tulipofika tu, wao wakiwa bado kwenye salamu na habari za nyumbani, niliuweka mkono huo juu ya boneti jekundu, na boneti lilikuwa na moto, moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, nikajiuliza, asubuhi yote hii limekwenda wapi na kurudi, halijaenda popote, wameliwasha kabla hatujafika ili mbele yetu liwake kwa mara moja, kitu kinachopashwa moto kabla ya mgeni kuingia ni kiporo... nilijifuta mkono kwenye kanga nikahamia kwa hili baya, na hili lilikuwa baridi, baridi kabisa, limesukumwa ukutani, boneti limebonyea, rangi yake huwezi kusema ni kijani au ni kutu, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, "Hilo, mama, hilo ni la mtu ambaye hana la kufanya," muuzaji akasema, na Injinia akacheka kwa ajili yake, nikapiga magoti hapohapo kwenye mafuta, nikachungulia nyuma, gurudumu la hili limefungwa kwa nati tano, tano nene, zenye vichwa vya kueleweka, na ekseli imekaa ndani ya chuma cha kumimina, kizito, si bati, kisha nikaenda kuchungulia lile jekundu, gurudumu lake limechomekwa tu kwenye fimbo na kuzuiwa na kipini kidogo kama cha nywele, lile ni la kukatia nyasi, la mtu mwenye bustani na saa ya mkononi, ukilifungia tela la kuni litavuta wiki, litavuta mbili, ya tatu litakaa chini kama mbuzi na wewe ulivute.

"Washa hili," nikasema, "Betri yake imechoka, mama," "Washa," likakohoa mara ya kwanza, mara ya pili likashika, likatoa moshi wa kijivu kidogo, nikauangalia moshi ule jinsi mtu anavyomwangalia mgeni mlangoni, ukaisha, ukawa hewa tupu, si wa bluu wa kula oili, na sauti ikatulia, tuk tuk tuk, hakuna kugonga, hakuna kulia, na sauti ya mashine hawanidanganyi nayo, nimekua nimelalia ukuta wa mashine ya kusagia unga ya baba, nilikuwa nasikia mkanda ukianza kulegea kabla mwenyewe hajaona, nikamwambia siku moja, baba, beringi inalia, akasema wewe kasome, beringi ikaganda mchana wa siku hiyohiyo watu wamepanga foleni na ndoo zao, hakunisifu, baba hakuwa mtu wa kusifu, lakini kesho yake alinipa spana nishike akiwa chini ya mashine, na siku zile kupewa spana ya baba ilikuwa kama kupewa ufunguo wa nyumba... na mtu mwenye masikio hayo nilikubali vipi, mwaka jana, Injinia anichagulie msumeno wa mashine? Nilisikia dukani kwamba unalia vibaya, nilisikia, nikanyamaza, nikasema labda ndivyo misumeno mipya inavyolia, ukafa baada ya siku kumi na tisa, na mimi nikarudia shoka, na kila nilipoinua shoka nilijiambia, wewe, ulisikia.

"Mguu utachoka huko!" Injinia tena, "Ukiachia breki litakuua!" na hapo ameligusa, hajui kama ameligusa, ukiachia... maana mimi niliachia. Haya. Hakuna mtu anayenisikia huku juu, injini inanguruma, haya niseme ndani kwa ndani. Mwaka juzi, mvua za asubuhi, mkokoteni umejaa, baba watoto mbele ameshika mikono ya mkokoteni, mimi nyuma na kamba iliyonizunguka kiunoni bila kufungwa, ncha yake mikononi, kazi yangu ni moja tu, kuuzuia usikimbie, tumefanya hivyo miaka, tulikuwa tunapiga soga tukishuka, siku ile alikuwa ananisimulia jinsi mwoka mikate alivyomfungia paka wake ghalani, nacheka, na udongo ukawa sabuni, kandambili ikateleza, kamba ikaanza kunipita viganjani, ikaungua, na mimi nikafungua mikono, si kamba iliyokatika, mimi nilifungua mikono, na mkokoteni ukamfuata, akageuka, nakumbuka uso wake alipogeuka, hakuwa na hofu, alikuwa bado na nusu ya tabasamu la yule paka, halafu ukampita juu ya nyonga... hospitali walipouliza akasema kamba ilikatika, majirani walipokuja akasema kamba ilikatika, kila mara akilisema mimi natazama chini, na kila mara anaposhika fimbo yake ili asimame najiambia ndani, ulifungua mikono, na tangu siku ile nikifika pale kwenye mteremko nashuka na matita madogo madogo kichwani, safari kumi na mbili kwa mzigo aliokuwa anaushusha yeye kwa moja, wateja wanasema kuni zinachelewa, nasema ni mvua, kumbe ni mimi.

Kuna kikomeo kidogo hapa pembeni ya kiti, kinafunga breki ikae chini yenyewe bila mguu, nilikiona tangu nilipopanda, nimekuwa nakitazama kwa pembe ya jicho tangu nisimame hapa, maana ndicho nilichokijia, mguu wangu sina shida nao, mguu wangu nauamini, swali ni nikiachia... injini naweka huru, gia haina, sasa hakuna kinachotushika isipokuwa hiyo breki, navuta kikomeo, kinasema tak, haya, "Mama, unafanya nini?" muuzaji amesogea hatua mbili, halafu amerudi moja, na mimi nainua mguu, kwanza kisigino, halafu unyayo, halafu vidole, kimoja kimoja, na kidole gumba ndicho kigumu kuliko vyote, kidole gumba kimeganda pale kama mtoto anayekataa kuachia ziwa, na kinainuka... Halirudi. Tela limelia kidogo, vyuma vimejipanga, basi. Halirudi! Mguu wangu uko hewani na trekta liko pale pale, naunyanyua na mwingine, miguu yote miwili hewani kama mtoto kwenye bembea, naitoa na mikono kwenye usukani, sishiki kitu, mlima na mzigo wote huu na mimi sishiki chochote, na yametulia yote, kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kijiko! Na hapo ndipo linapoingia, si polepole, linaingia lote kwa mkupuo kama mwanga dirisha linapofunguliwa, kwamba hii ni kazi ya chuma, mzigo kama ule kwenye tope kama lile ulikuwa unataka chuma na sisi tuliuwekea viganja, viganja vya mtu mmoja aliyevaa kandambili, na vikashika miaka tisa, miaka tisa vilishika! Hakuna aliyewahi kuvihesabia hiyo, hata mimi, nilivihesabia siku moja tu.

Simu inatetemeka kifuani, mikono ni mitupu, naitoa, "Mama watoto, mmefikia wapi?" na sauti ya redio yetu nyuma yake, "Niko kwenye mteremko," nasema, na papo hapo redio inapunguzwa, "Unapanda au unashuka?" "Wala. Nimesimama. Na tela limejaa." "Nani ameshika?" "Hakuna aliyeshika. Breki," na sikuwa nimepanga kuendelea, mdomo wenyewe umeendelea, "Baba watoto, ile kamba haikukatika," na yeye wala hajavuta pumzi, "Najua, ilinipita pale chini nilipolala, nzima nzima, niliiona mpaka mwisho wake," "Sasa mbona ulisema..." "Ningesema nini? Wangeanza kukuuliza wewe maswali, na wewe ulikuwa hata maji hunywi. Mzigo ule hata mafahali wawili wangeuachia, mke wangu," mke wangu, huwa haniiti hivyo mpaka awe na jambo, nami nimekaa juu ya trekta la watu machozi yananishuka na nacheka, vyote kwa pamoja, Injinia kule chini anauliza, "Kuna nini? Kuna msiba?" "Ni lile jekundu?" mume wangu anauliza, "Mdogo wangu kanipigia amelisifia mpaka salio likamwishia," "Hapana, ni lile baya," "Baya kiasi gani?" "Baya kama wewe siku ulipokuja kujitambulisha kwetu," na anacheka, anacheka cheko lile la zamani la kutoka tumboni, mpaka anasema aa, aa, nyonga, ngoja, usinichekeshe, na bado anacheka, "Basi ni zuri hilo, lichukue. Na mimi nitafundishwa lini? Kwani kuendesha kunahitaji nyonga?" na sikuwa nimeliwaza, wallahi sikuwa nimeliwaza, kwamba hapa mtu anakaa, anakaa tu kwenye kiti, na kazi inakwenda, kwamba mtu wa fimbo anaweza kukaa hapa kama mfalme akashusha kuni mpaka shuleni na wanafunzi wakamkimbilia, "Kesho," namwambia, "Kesho mchana, ukishavaa viatu."

Ameshakata, na chini nasikia, "Kaka, sasa risiti niandike jina lako?" muuzaji kalamu imetoka sikioni, na Injinia anajinyoosha shati, anataka kusema ndiyo, namwona mdomo umeshajikunja tayari, "Langu!" napaza sauti, sauti inatoka kubwa kuliko nilivyoitarajia, inapiga bati la yadi na kurudi, "Jina langu! Na trekta ni hili! Na kwa kuwa hili ni la mtu ambaye hana la kufanya, utanipa kwa bei ya mtu ambaye hana la kufanya, na betri mpya juu yake!" "Mama, betri tena..." "Njoo huku juu tuzungumze," hataki kuja, hakuna anayetaka kusimama nyuma ya tela hilo, wanasimama mbali kule na kunitazama kwa kuinua shingo, "Betri sawa," anasema hatimaye, "sawa, mama, betri mpya, ila shuka basi," "Shemeji, umeshashinda, shuka!" anasema Injinia, na kwa mara ya kwanza leo amesema neno la kiinjinia, nimeshashinda, nami nitashuka, au nitapanda hadi getini, nitaona, injini inasema tuk tuk tuk, jua limefika begani, kiti cha uzi wa gunia kinanichoma kidogo pajani, miguu inaning'inia, nimekaa tu sasa, silipimi tena trekta la watu, nimekaa katikati ya mteremko kwa sababu napenda kukaa hapa.