Uso wa Mama Edah

Kwa miezi minne Wakonyo alimuuguza mama mkwe wake bila kinyongo. Mama Edah alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa umekwenda kando, jicho moja halifumbi vizuri, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza. Wakonyo alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, huku wakizungumza habari za kuku na za kanisani. Mumewe, Khisa, alikuwa karani Bungoma mjini. Alitoka nyumbani kwao Myanga alfajiri na kurudi jua likizama, na siku zote hizo hakuwa na wasiwasi juu ya mamake.

Agosti mwaka wa 2006 Khisa alichukua likizo ya siku chache, akamwambia mkewe aende kwao Kitale apumzike. Wakonyo alifikia kwa mdogo wake, Mary Ann, mwenye saluni, ambaye alikuwa amenunua televisheni kubwa na mashine ya dividi. Jumamosi mchana Mary Ann alifunga mapazia, akakaanga njugu, akaweka filamu ya kutisha aliyokuwa amekodi.

Ilikuwa habari ya ajuza aliyelala kitandani, kila mtu akiamini kwamba hawezi kuinuka. Watu wakishatoka chumbani, ajuza anashuka, anatambaa sakafuni kama mjusi hadi walipolala wajukuu, na kuwanyonya pumzi. Uso wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Wakonyo alipiga mayowe, akajificha nyuma ya mto wa kochi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa raha. Moyo unakwenda mbio, halafu unakumbuka kwamba uko salama kwa mdogo wako, njugu mkononi. Aliomba hata ile sehemu ya ajuza kushuka kitandani irudishwe waione tena. Mary Ann, bila nia mbaya, akauliza kama huyo si ni mama mkwe wake kabisa. Wakonyo akacheka kuliko mwanzo.

Jumatatu alikuwa amesharudi Myanga, na Khisa amerudi kazini. Saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, aliingia na kikombe cha uji. Mama Edah akageuza kichwa kumsalimu. Kiligeuka polepole, na lile jicho lisilofumba likamwangalia. Mwili wa Wakonyo ukasisimka, uji ukamwagikia vidole. Alijua vizuri kwamba huyu ni Mama Edah, aliyempokea nyumbani bila kuuliza kwa nini mwanawe ameoa mbali, aliyemkanda tumbo kwa maji moto alipojifungua Nasike. Alijua yote hayo, na bado miguu ilikataa kusonga mbele. Akaweka kikombe kwenye stuli iliyokuwa karibu na mlango, akasema kuna sufuria jikoni inaungua, akatoka.

Hakukuwa na sufuria.

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, na keshokutwa. Stuli ilikuwa upande wa mkono uliokufa. Ule mzima ulikuwa upande wa ukutani. Wakonyo aliliona hilo. Alijiambia kwamba muuguzi wa zahanati alikuwa amesema mgonjwa afanye mazoezi, basi ajifunze kujinyooshea mwenyewe. Adhuhuri alirudi mbio, akachukua kikombe uji ukiwa umeganda juu, akampa mbwa. Akamkataza Nasike, wa miaka minne, kuingia mle, akisema nyanya anataka kupumzika. Khisa alipouliza mbona mama amenyauka midomo, Wakonyo alijibu kwamba hamu ya chakula imepotea. Mama Edah alikuwa akisikia. Khisa alipomuuliza yeye mwenyewe, akasema ni kweli, uji haumshuki siku hizi.

Ijumaa Wakonyo alisukuma mlango akakuta mgonjwa amejifunika leso usoni, kama maiti. Akaweka kikombe kwenye stuli. Ndipo akasikia ile sauti ya kukwaruza.

"Kuja tu, Mama Nasike. Nimefunika."

Akauliza amefunika nini.

"Sura. Naona inakuogopesha. Hata mimi siku ile niliomba kioo, niliogopa."

Masikio yalimwaka Wakonyo. Angetukanwa, angalau angepata la kujibu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasimulia kila kitu akitazama sakafu: filamu, njugu, ile sehemu aliyoomba irudishwe, swali la Mary Ann na jinsi alivyocheka. Alipomaliza, leso ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pumzi za mama mkwe wake.

"Na huyo mama wa kwa filamu," Mama Edah akauliza mwishowe, "walikuwa wanampea chakula?"

Wakonyo alijaribu kukumbuka. Katika filamu nzima hakuna aliyemletea ajuza hata maji.

Alimwondolea leso. Hofu haikuisha papo hapo. Ilimbidi aitazame midomo tu, ile iliyopasuka kwa kiu, akipeleka kijiko kimoja baada ya kingine. Alipomgeuza ili amwoshe, aliona kidonda kibichi kwenye nyonga, kimetokea kwa kulalia ubavu mmoja tangu Jumatatu. Alitoka nje, akaegemea ukuta wa jikoni, akalia akiwa ameuma kanga yake ili asisikike. Kisha akachemsha maji ya chumvi.

Jioni alimweleza Khisa, hakuficha hata la mbwa. Khisa alikuwa akivua viatu. Alibaki na kimoja mkononi.

"Kwa hivyo wiki nzima mama alikuwa na njaa," alisema, "na akadanganya kwa ajili yako."

Mpaka Jumapili hakumsemesha.

Kidonda kilichukua wiki tatu kufunga. Wakonyo ndiye aliyekiosha, asubuhi na jioni, naye Nasike akarudi kucheza kitandani kwa nyanya yake. Lakini tangu siku ile Khisa alianza kuamka mapema zaidi, akapika uji mwenyewe na kumlisha mamake kabla ya kwenda kazini. Wakonyo alisimama jikoni akiwasikia wakiongea Kibukusu, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kijiko kikigonga kikombe. Alitaka kumwambia mumewe kwamba hiyo ni kazi yake, amwachie. Hakuthubutu.